Mgudeni, Alikotaka Kuzikwa Mama

Ukishuka Bagamoyo hapa, hujakaa sawa umeshampata mtu wa kukueleza jina la mji lilikotoka. Ataanza na misafara ya zamani, atafika kwenye mioyo iliyobwagwa, na akiona una sura ya mgeni atakuonyesha mpaka mahali pa kusikitikia. Nimeisikia hadithi hiyo tangu niko shule ya msingi, kila mtu na yake, na kila mtu anaapa yake ndiyo ya kweli. Siku hizi nikiisikia joto linanipanda kichwani. Majina makubwa yana wasemaji wake. Mimi nilitafuta jina moja dogo, la mahali padogo, mama yangu akiwa kitandani, na sikupata mtu wa kuniambia hapo mahali ni wapi.

Jina lenyewe ni Mgudeni.

Mama alipigwa kiharusi asubuhi, anachambua mchele uani kwangu Zinga. Mimi nilikuwa mbele, dukani, nauza vyombo vya plastiki, nikasikia sinia linaanguka. Nilipofika amekaa vilevile kwenye mkeka, mdomo umekwenda upande, mchele umemwagika kwenye mapaja yake na anajaribu kuukusanya kwa mkono wa kushoto. Hospitali walifanya walichoweza wakaturudishia. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelala, na maneno yalikuwa yameondoka karibu yote. Yalibaki machache ya kuhesabika: maji, hapana, yallah, na Mgudeni.

Hilo la mwisho tulilijua maana yake, kwa sababu alikuwa amelisema miaka mingi akiwa mzima. "Mimi nikifa mkanizike Mgudeni, ubavuni pa mwanangu." Alikuwa anasema anasonga ugali, anasema anasuka ukili, wala hakuwa anataka kumtia mtu huzuni. Na sisi tunamjibu, "Mama nawe! Hujafa, unahangaika na kaburi." Mwanawe huyo ni kaka yetu wa kwanza, aliyekufa bado ananyonya, kabla mimi sijazaliwa. Mama hakupata kutuhadithia alivyokufa. Alisema tu kwamba alimwacha huko, na kwamba mtoto mdogo haachwi peke yake muda mrefu hivyo.

Mgudeni ndiko alikoolewa, kwao baba. Baada ya babu kufa, baba aligombana na ndugu zake kwa ajili ya shamba, akamchukua mkewe wakaja pwani, na hakurudi tena. Baba mwenyewe jina la Mgudeni sikumsikia akilitamka. Yeye alisema "kwetu," basi, kisha anazungumzia mambo mengine. Alifariki mdogo wangu bado anatambaa. Kwa hiyo mikononi tulikuwa na neno moja la mama, na fununu kwamba ni upande wa Miono, kwa sababu mama akitaja ufuta alikuwa anataja na Miono.

Tukaanza kutafuta, mimi na mdogo wangu huyo, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye kigari chake cha kubebea mizigo. Nilifunga duka, nikamwachia mama binti wa dada wa mume wangu, tukashika barabara ya Msata. Mdogo wangu njiani anaimba. Alikuwa na hakika tutarudi jioni na habari. Mgude ni mti mrefu wenye gome jeupe jeupe, unauona kutoka mbali umewapita wenzake wote, na nusu ya vitongoji vya wilaya hii vimepewa majina ya miti. Itakuwaje mahali penye jina la mti kama ule pashindikane kupatikana?

Pakashindikana.

Tulifanya kama wafanyavyo watu waliolelewa. Ukifika ugenini unauliza mwenyekiti yuko wapi, unapelekwa kwenye baraza ya duka walipokaa wanaume, unatoa shikamoo moja moja, unaulizwa habari za utokako, za safari, za watoto, za mvua, ukishazimaliza zote ndipo unafungua shida yako. Na jamani, wanaume wa upande ule wanajua majina! Kile kilima kimeitwa vile kwa sababu simba alimla mtu. Kile kijito kimeitwa vile kwa sababu bibi harusi alijifungua njiani, na hapo mcheko unapita benchi zima. Mzee mmoja wa kofia ya kufuma alitueleza chanzo cha kila kitongoji tulichokipita na tusichokipita, hili la Kikwere, hili la Kizigua, hili walilileta Waarabu, mpaka chai ikapoa. Nikamuuliza Mgudeni. Akakuna kidevu. "Mgudeni," akasema, "hakuna."

"Labda iko mbali kidogo, baba."

"Mwanangu, mbali yote naijua. Hakuna."

Mwingine akasema aliwahi kusikia Mgudeni ya Vigwaza. Haya, siku nyingine tukaenda Vigwaza, tukazunguka kwa Chalinze, jua linatuunguza kwenye kioo. Vigwaza hawakuwa na Mgudeni, ila walikuwa na mgude, na kwa wema wao wakatupeleka kuuona. Mti mmoja, mzuri kabisa, katikati ya mihogo ya mtu. Nikautazama, nao ukanitazama. Mdogo wangu akaupiga picha kwa simu, hata leo sijui kwa faida gani.

Tulijaribu pia kumuulizia babu kwa jina lake. Ninalo kwenye kitambulisho, ndilo jina langu la tatu. Kila tulipolitaja wazee walitikisa kichwa. Katika kuzunguka huko Miono tuliingia kijiji kimoja ndani ndani, kinachoitwa Kwa fulani. Hilo la fulani sitaliandika, na sababu yake itaonekana. Tulipewa viti, tukapewa maji ya mtungini, baridi, matamu. Mwenyekiti wa pale alikuwa kijana kidogo, mcheshi, akatuambia kijiji kimechukua jina la utani la mzee aliyefyeka pori la kwanza, mtu mkali, mfupi, asiyependa kelele. Tukacheka. Nikamuuliza Mgudeni, nikamuuliza babu. Vyote viwili hakuvijua, na wazee waliokuwa naye hawakuvijua. Penye bomba palikuwa na wanawake wanasubiri ndoo zijae. Tuliwasalimu, wakatuitikia vizuri, tukaingia garini tukaondoka. Kuwauliza wao hakukunijia kabisa, na mimi mwenyewe ni mwanamke.

Niliporudi nyumbani mama aliniangalia usoni kabla sijavua viatu. Alikuwa anajua nilikotoka. Nikakaa kitandani.

"Mama, hatukupaona. Hapana jina jingine? Wenyewe wanapaitaje?"

Akafumba macho.

"Mama, nisaidie basi. Baba alikuwa anapaitaje? Babu alikuwa anaitwaje na watu wake?"

Akageuza uso ukutani. Nikamuuliza tena, sauti imeshapanda, kwa sababu mimi nikishindwa napandisha sauti, ndivyo nilivyoumbwa. Machozi yakamtoka jicho moja, la upande mzima, yakaingia sikioni. "Mgudeni," akasema. Nilitoka uani nikawafokea kuku mpaka majirani wakachungulia. Nilikuwa namtaka mama aseme kitu kimoja tu, na nilikuwa namwona kwamba anakijua, kimekaa pale nyuma ya meno, na hakitoki. Nikadhani ni ugonjwa.

Siku zikawa zinakwenda. Mama akazidi kuwa mwepesi. Ukimwinua kumbadilisha shuka unahisi umeinua nguo tupu. Watu walikuja kumtazama, kila mmoja na dawa yake, huyu mlonge, huyu asali ya nyuki wadogo, huyu ana kombe la aya za kunywa lililoandikwa na shehe wa Kaole. Alasiri moja akaja bibi mmoja wa mtaa wa nyuma yetu, mtu wa asili ya huko bara ya Miono, ameletwa pwani na ndoa kama mama. Alikuja na uji wa mtama kwenye chupa ya chai. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kigoda karibu na kitanda akamshika mama mkono ule uliolala.

"Mgudeni," mama akamwambia.

"Anataka Mgudeni?" bibi akaniuliza.

"Anataka akazikwe huko, bibi. Nasi tumetafuta mpaka gari limechoka. Hakuna Mgudeni."

"Nani kakwambia hakuna?"

"Wazee wote wa Miono."

"Wazee wanaume?"

"Ndiyo, bibi."

"Ee, Mungu wangu!" Akacheka, kicheko cha kunihurumia. "Wanaume watajuaje? Hilo ni jina la wake."

Nikaacha kukunja nguo. Akanieleza polepole, kama anaelekeza mapishi. Kwao, upande ule, mwanamke akiolewa halitaji jina la baba mkwe wake mpaka anaingia kaburini. La utani, la msikitini, yote. Na chochote kilichobeba jina hilo naye hakitaji, anakitafutia jina la pembeni. Kama mkwe anaitwa kwa jina la mnyama, mnyama huyo atapewa jina jingine jikoni kwake. "Sasa uolewe kwenye kijiji kilichoitwa kwa jina la mkweo," akasema. "Utasema unakwenda wapi? Utasema umetoka wapi? Basi wake wa pale wanajichagulia jina, aliyetangulia anampa anayekuja, huko huko kisimani. Kulikuwa na mgude njia ya kisimani, wakasema Mgudeni. Wanaume wanasikia, wanadhani wanawake wanasema habari za mti. Haiwahusu."

"Sasa bibi, jina la kweli nitalipataje? La utani la babu mimi silijui. Na mama hawezi kusema."

"Hawezi wapi! Hataki. Hata akiponywa leo hatasema. Utamlazimisha amvunjie mkwewe heshima akiwa mlangoni pa kukutana naye?"

Nilitamani kulia na kucheka. Wiki nzima nilikuwa namhimiza mama yangu, mgonjwa, afanye jambo ambalo hajapata kulifanya toka akiwa mwari.

Bibi akasogeza kigoda. "Wewe nyamaza hapo," akaniambia. Kisha akamwinamia mama. "Mwenzangu, niwie radhi. Mimi huko si mkwe wa mtu, ninaruhusiwa." Akaanza kutaja vijiji vya upande ule vilivyoitwa kwa watu, kimoja kimoja, taratibu, anasubiri kati ya jina na jina. Kwa fulani. Kwa fulani. Mama anamtazama tu. Nilikuwa nimesimama na shuka mkononi. Kwa fulani. Kwa fulani.

Alipofika kwenye jina moja, mkono wa kushoto wa mama ukaondoka juu ya godoro. Ukashika upindo wa khanga, ukaipandisha, ukaipandisha, ikafunika kidevu, ikafunika mdomo, ikafunika uso wote. Akajifunika kama wajifunikavyo wake wa zamani wakisikia mkwe anapita uani.

"Haya," bibi akasema. "Ndio hapo."

Nilipiga kigelegele peke yangu chumbani. Halafu nikakaa chini, maana jina hilo nilikuwa nimelisikia. Ni kijiji kile cha mwenyekiti mcheshi. Mzee mkali, mfupi, asiyependa kelele, ndiye babu yangu, jina lake la kitambulisho limeshafunikwa na lile la utani, na mimi nilikaa kwenye kiti chao, nikanywa maji yao, nikaaga nikaondoka. Ndiyo maana sitaliandika. Mimi si mkwe, ni mjukuu, ninaruhusiwa kulitaja hata kwa kupiga kelele. Lakini nikitaka kuliandika naona ule mkono unapanda na khanga, na wangu unakataa.

Tulipanga akipata nafuu kidogo tumpeleke apaone. Daktari alipomtazama akasema njia ile ya vumbi na mashimo itammaliza, tungoje. Tukangoja. Mama alinyamaza sasa, Mgudeni hakuitaja tena. Alikuwa ameshatukabidhi kazi na anatuamini. Alifariki asubuhi moja nampa uji. Aliukataa mdomoni, nikamfuta, nikageuka kuweka bakuli, nilipomrudia alikuwa hayupo.

Mjomba, kaka yake mama, alifika kabla maji ya kuoshea hayajachemka. Mtu mzuri mjomba, lakini ana amri. "Tunamzika hapa Zinga adhuhuri," akasema. "Maiti haitembezwi."

Mdogo wangu, ambaye hajapata kumjibu mjomba maishani mwake, akasimama mlangoni. "Mjomba, nisamehe. Mama anakwenda kwake."

"Kwake ni wapi? Waliwafukuza hao!"

"Kwa mwanawe, mjomba."

Mjomba akatoka nje kupiga simu, na aliporudi alisema tu tuwahi. Mwenyekiti wa kule tulimpata kwenye simu, na nilipomweleza sisi ni nani alipiga ukelele, akasema, "Si mlikuwa hapa! Leteni mama yetu, leteni, makaburi ni yenu." Tulimwosha sisi wanawake, tukamvisha sanda. Akapakiwa kwenye kigari cha mdogo wangu, wanaume pembeni yake, sisi tukafuata kwa basi dogo la kukodi. Njia nzima nilikuwa na furaha. Naona aibu kuisema lakini ndiyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimemshindia mama kitu.

Tulipofika wanawake wa pale walitoka kutupokea, wazee kwa vijana, vichwa vimefunikwa. Aliyekuwa mkubwa wao, mgongo umepinda, alinishika mabega yote mawili akalia. "Mke wa Mgudeni karudi," akasema. "Karudi Mgudeni." Wengine wakaitikia, Mgudeni, Mgudeni, na wanaume waliokuwa wanateremsha jeneza wakasimama kutazama, hawajui wake zao wanasema nini. Mimi nilikuwa sioni mbele kwa machozi.

Wakamswalia, wakamchukua. Makaburi yako nyuma ya kijiji, ndani ya msitu mdogo ambao haukatwi kuni, na sisi wanawake hatwendi huko. Tukabaki uani tumekaa kwenye mikeka, tunasoma. Haukupita muda simu yangu ikaita. Ni mdogo wangu.

"Dada, kaburi la mtoto ni lipi?"

"Lipi namna gani?"

"Hapa hayana alama. Wazee wanasema watoto wachanga walizikwa huku na huku humu, hakuna anayekumbuka lipi la nani. Wameshika majembe wanatungoja. Mama alikwambia liko upande gani?"

Nikamgeukia yule bibi mkubwa. "Mama, kaburi la mtoto wake, unalijua?"

Akatikisa kichwa. "Mimi nilipoletwa hapa nilimkuta ameshaondoka, mwanangu. Nilipewa jina la mahali tu." Nikawatazama wengine, mmoja baada ya mwingine. Walikuwa wadogo kuliko yeye. Nikajaribu kukumbuka maneno yote ya mama, ya kwenye ugali, ya kwenye ukili. Ubavuni pa mwanangu, ubavuni pa mwanangu. Hakuna siku aliyosema chini ya mti gani, upande wa jua lipi. Tulimuuliza kijiji, tukamsumbua kwa kijiji, na kaburi hatukumuuliza. Mtu pekee aliyelijua walikuwa naye huko huko, wamemweka chini, karibu na wenye majembe.

"Dada? Mtandao unakatika. Niwaambie wachimbe wapi?"

"Waambie," nikasema. "Waambie wachimbe penye kivuli."

Nilimsikia anahema.

"Dada, humu pote ni kivuli."